Amelala Siku Ngapi kwa Baba

Nilianza kumshuku upya baba wa mtoto wangu siku ile alipotoa karatasi ya mshahara kwenye bahasha, safi, haina hata mkunjo, kama imepigwa pasi. Nasema upya kwa sababu nilikuwa nimeshamshuku miaka mingi, ndiyo maana tuliachana, ila hapo katikati nilikuwa nimepumzika kidogo. Tulikuwa tumekaa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, Usa River, kila mtu na kiti chake cha plastiki, na upande wa pili wa meza yupo dada mmoja wa miwani, mpole, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Mwanamume niliyekaa naye nyumba moja miaka tisa akamkabidhi yule dada karatasi inayosema kwamba kwa mwezi anapata kipato ambacho hata mimi, fundi cherehani wa Maji ya Chai, nisingekionea wivu.

"Ndiyo yote hiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo iliyoandikwa," akajibu.

Mmesikia? Iliyoandikwa. Hakusema ndiyo anayoipata. Maneno ya yule bwana nayajua mimi, hatoi hata moja bila kulipima.

Huyu bwana ni dereva wa watalii. Anapokea wageni uwanja wa ndege, anawapeleka porini siku saba, siku kumi, anawaonyesha simba, anawarudisha. Mshahara wa kampuni ni mdogo, dereva hawezi kuutegemea. Pesa yenyewe ni tipu, ambayo mgeni anaitoa siku ya mwisho, mkononi, wala haipiti kwa mhasibu wala benki. Na mimi ndiye niliyekuwa nazifungua zile bahasha. Julai na Agosti, wageni wakijaa, alikuwa anaingia ndani na vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hajavua viatu bahasha imeshaingia kwenye debe la unga. Kisha Aprili inafika, mvua imekaza, wageni hawapo, magari yameegeshwa, tunakula maharage mwezi mzima na yeye ananunua vocha ya mia tano tano. Ndivyo tulivyoishi. Kwa hiyo ile karatasi haikunidanganya hata dakika moja.

Niseme wazi kabla sijaenda mbali. Tuna mtoto mmoja, wa kike, wakati huo alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Hela nilikuwa naitaka, sikatai, mtoto hali hewa. Lakini kilichokuwa kinaninyima raha ni kingine. Nilikuwa naogopa kwamba mtoto huyu atanitoka. Kwamba taratibu, wikiendi moja baada ya nyingine, atahamia Kikatiti kwa baba yake na bibi yake, halafu siku moja nitamwita aje nyumbani na atanitazama kama jirani. Yote niliyoyafanya mwaka ule, ya akili na ya kipumbavu, niliyafanya kwa hofu hiyo.

Yule dada wa ustawi alitueleza hesabu yenyewe polepole, na nashukuru hakutufanya wajinga.

"Kwenye sheria hakuna bei ya mtoto," alianza. "Hakuna mahali pameandikwa kwamba mtoto wa miaka tisa ni kiasi fulani. Tunaangalia mambo matatu. Mtoto anahitaji nini. Kila mzazi anapata nini. Na mtoto analala wapi, siku ngapi."

Akachora mistari kwenye karatasi. Upande mmoja akaandika vitu ambavyo haviangalii mtoto kalala wapi: ada, sare, madaftari, viatu, matibabu. Hivyo, akasema, mnagawana kwa uwezo, mwenye kipato kikubwa anabeba zaidi. Upande wa pili akaandika vinavyomfuata mtoto alipo: chakula, mkaa, sabuni. Hivyo vinakwenda kwa siku za kulala. Mtoto akilala kwa mama siku ishirini na mbili na kwa baba siku nane, basi chakula cha zile nane baba anakipika mwenyewe, na cha zile ishirini na mbili anamchangia mama kulingana na mfuko wake. Nilimwelewa vizuri kabisa. Nilichokielewa vizuri zaidi ni kwamba kila siku itakayohama kutoka upande wangu kwenda upande wake, na hela inahama.

Basi nikaikazania Julai.

"Dada," nikamwambia, "karatasi hiyo iweke pembeni. Huyu ana tipu. Mwulize Julai alirudi na nini."

"Tipu si mshahara," akasema yeye. "Ni bahati ya mtu. Kuna safari narudi na dola mia mbili, kuna safari narudi na kofia."

Yule dada akataka kucheka, akajizuia. Akapendekeza tuchukue mwaka mzima, miezi mizuri na mibaya, tujumlishe, tugawe kwa kumi na mbili, ndiyo tujue uwezo wake wa kweli. Thubutu. Niliona pale pale kwamba wanataka kuizika Julai yangu katikati ya Aprili na Mei. Nikakataa. Nikasema ihesabiwe miezi ya wageni, kwa sababu mtoto haachi kula Aprili.

"Aprili hatakuwa nacho, mama," dada akasema.

"Aweke akiba. Kwani mimi nilipokuwa kule Aprili tulikuwa hatuli?"

Nilisema hivyo kwa sauti, na yale maharage yote sikuyataja. Dada akamgeukia yeye, akamwambia ana haki ya kupinga, na tukishindwana kuna mahakama. Yeye akatazama dirishani kidogo, akasema, "Andika anavyotaka," akasaini. Sasa niambieni, mwanamume anayebishana na muuza nyanya kwa shilingi mia, anasaini jambo kama lile bila hata kukohoa? Nikajua hapa pana kitu. Nilisaini na mimi.

"Na wewe mama, unapata kiasi gani?" dada akaniuliza.

"Mimi? Mimi naunga unga tu, dada yangu. Leo pindo, kesho zipu."

Ni kweli naunga unga, miezi kumi. Desemba na Januari je? Desemba na Januari nashona sare za shule tatu, cherehani haipoi, miguu inavimba kwa kukanyaga, na pesa ninayoishika miezi ile miwili sijawahi kumwambia hata mama yangu mzazi. Sikuitaja Januari. Na yeye, aliyewahi kunibebea majora ya vitambaa kutoka mjini Arusha, begani, Januari kwa Januari, alikaa kimya akitazama viatu vyake. Na hilo nalo nikalishuku. Nikasema anaitunza Januari yangu, ataitoa siku akiihitaji.

Kisha akaomba siku za mtoto. Akataka nusu kwa nusu. Nusu! Mtu ambaye msimu ukianza haonekani wiki mbili, analala kambini huko Serengeti, anataka nusu ya siku za nini kama si kunipunguzia hela? Tulivutana mpaka dada akavua miwani akafikicha macho. Mwisho tukakubaliana: Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni kwa baba, likizo tunagawana, na baba akiwa porini bibi atampokea mtoto.

"Bibi si baba," nikasema.

"Chakula anachokula kwa bibi nacho kinapikwa kwa hela ya mtu, mama," dada akanijibu.

Kabla hatujaondoka alitukanya jambo moja. Alisema hela na mtoto ni vitu viwili. Baba akikosa hela, mtoto bado anakwenda kwa baba. Mama akimchelewesha mtoto, hela bado inalipwa. "Hela si kiingilio," akasema. Tukaitikia wote wawili, ndiyo, kama watoto wa shule. Akatupangia turudi Juni kuangalia makubaliano yanaendaje.

Nilinunua daftari kubwa njiani kurudi nyumbani. Nikalipigia mistari: tarehe, amelala wapi, baba alikuwepo au hakuwepo, amerudi na nini. Kila Jumapili jioni mtoto akishuka kwenye bodaboda ya kutoka Kikatiti, kabla hajanawa miguu, namweka kwenye kigoda karibu na cherehani. Baba alikuwepo? Alilala nyumbani? Mlikula nini? Nani alinunua hiyo kandambili? Mwanzoni alikuwa anaongea mpaka namwambia apumue. Ndama kazaliwa, baba kamfundisha kuendesha baiskeli, bibi kamkaripia shangazi. Mimi naandika. Kufika Krismasi alikuwa anasema, "Nimekula, nimelala." Nikasema wameshamfunga mdomo kule. Hawa watu wameshamfundisha nini cha kusema.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, Februari, nikapanda gari mpaka Kikatiti, mkononi nina sweta la mtoto kama kisingizio. Viatu vya porini vya yule bwana havikuwepo mlangoni, hilo nililiona kabla hata sijabisha hodi. Bibi alikuwa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kukaa au umekuja kuangalia?"

"Nimeleta sweta."

"Sweta, na jua hili."

Nikakaa. Nikamuuliza, kwa heshima zote, tangu mwezi uanze mtoto amelala pale siku ngapi baba yake akiwepo. Mama yule aliweka kisu chini. Akaniambia katika nyumba ile watoto hawahesabiwi, wala kulala kwao hakuhesabiwi. Yeye hakuwahesabu wanawe na Mungu akamwachia wote, sasa aanze kumhesabu huyu mmoja wa mwanawe? Nilikuwa nalijua jambo hilo. Miaka tisa nilikuwa mkwe wa Wameru, na mama wa umri wake ukimuuliza ana watoto wangapi anakwambia wapo wa kutosha, basi, na ukiendelea kuuliza unaonekana una nia mbaya na watoto wa watu. Nalijua, na bado siku ile nililichukua kama uficho. Nikatoa daftari pale pale, juu ya goti, nikaandika: bibi amekataa kusema. Nilipoinua macho, mtoto alikuwa amesimama karibu na zizi, kashika kamba ya ndama, ananitazama kalamu. Hakunisogelea. Nikamwonyesha sweta kwa mbali na nikaondoka zangu.

Masika yalianza mapema mwaka huo. Machi yule bwana alileta nusu ya hela. Aprili hakuleta kitu, akaleta ujumbe kwenye simu. Nauweka hapa kama ulivyokuja: "Mama mtoto, kazi imesimama, mwezi huu sina. Naomba nikae na mtoto wiki nzima nzima, nipo nyumbani tu. Shule nitampeleka mwenyewe."

Niliusoma mara tatu nikiwa nimesimama, uzi mdomoni. Kisha nikakaa nikaanza kuuchambua. Kumbe hiki ndicho alichokuwa anakisubiri aliposaini bila kubisha! Mnaona? Anaacha kulipa Aprili na Mei, anamkalia mtoto wiki nane mfululizo, Juni tunakwenda kwa dada wa ustawi na siku za kulala ziko upande wake. Hela inashuka. Halafu mtoto ameshazoea kule, ana baba nyumbani asubuhi mpaka jioni, ana ndama, ana baiskeli, na mimi nina cherehani na maswali. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishona mkono wa joho la kwaya mahali pa shingo, ikabidi nifumue.

Sikumjibu. Akapiga, sikupokea. Akapiga tena kesho yake, sikupokea, na baada ya hapo hakupiga. Nikasema, naam, mtu asiyelipa hana mdomo.

Ijumaa ilipofika mtoto akatoka na mfuko wake wa nguo kama kawaida. Nikamwambia arudishe ndani.

"Baba yuko porini," nikasema. "Na bibi hajisikii vizuri. Wiki hii utabaki na mimi."

"Porini na mvua hii?"

"Kuna wageni wanaopenda mvua."

Akanitazama. "Sawa, mama," akasema, akarudisha mfuko.

Wiki saba nilimzuia hivyo. Ijumaa ya pili nilisema safari imeongezwa siku. Ya tatu nilisema gari limezama kwenye matope, huko Ndutu. Kufika Ijumaa ya nne hakuuliza, na mfuko hakuutoa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema Kikatiti inaanza kumtoka. Nilimpikia kiburu cha ndizi na maharage, na samaki, ile jioni, nikamsuka nywele, tukacheka, nikajiambia sasa nimempata mtoto wangu. Kwenye daftari, upande wa baba, nikaandika sifuri, na Ijumaa iliyofuata sifuri tena. Kila sifuri niliiona kama ushindi.

Jambo moja tu lilikuwa linanikereketa. Nilikuwa nampa mia tano kila asubuhi ya kula mapumziko, na jioni nikikusanya sare za kufua naikuta mia tano ndani ya mfuko. Siku ya kwanza nikadhani kasahau. Wiki nzima hasahau mtu. Na akirudi hana njaa ya kukimbilia sufuria.

"Nani anakulisha shuleni?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki yako nani?"

"Wa shuleni tu, mama."

Nikajua ni bibi. Bibi anatuma vyakula kwa watoto wa majirani ili kumvuta mtoto kidogo kidogo. Nikaandika: analishwa na mtu, kuchunguza. Nilipanga kabisa kwenda kusimama pale shuleni nione kwa macho yangu, ila nilikuwa na majoho thelathini ya kwaya ya usharika, yanatakiwa Pentekoste, sikuweza hata kutoka nje kununua chumvi.

Juni ikafika. Nilivaa gauni langu la kitenge kizuri, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, mtoto mkononi. Baba yake alikuwa ameshafika, amekonda kidogo, viatu vina matope makavu. Mtoto akamkumbatia kiunoni, akakaa hapo. Nilitegemea akimbie kama mtu aliyekosa kumwona baba yake wiki saba, lakini alikwenda taratibu tu. Nililiona hilo, sikujua nilifanyie nini.

"Ahsante kwa salamu," yule bwana akaniambia.

Salamu gani? Nilikuwa sijamsalimia yule mtu tangu tuachane, labda kwa kichwa. Nikasema ananikejeli mbele ya mtoto. Nikamtolea macho, akainamisha yake.

Mtoto akaambiwa asubiri barazani. Mimi nikafungua daftari, nikamsogezea dada, kurasa zote, na nikamwekea kidole kwenye Aprili na Mei. Hela, hakuna. Siku alizolala kwa baba, hakuna hata moja. Dada akapitia polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akapita kwenye "bibi amekataa kusema" akainua nyusi. Kisha akamgeukia yeye.

"Baba, wiki saba hukumchukua mtoto hata mara moja?"

Nikakaza mgongo. Nilijua sasa atasema nilimnyima, atatoa simu, ataonyesha ule ujumbe wake ambao sikuujibu.

"Mvua ilikuwa nyingi," akasema. "Mama yake alisema ikipungua ndiyo aende. Nikaona sawa, barabara ya kwetu ni mbaya kweli, na mimi nilikuwa na deni, ningesemaje?"

Mimi nilisema lini? Sikuwahi kusema neno kama hilo, si kwa mdomo, si kwa simu. Nikageuka nikamtazama vizuri. Hakuwa na uso wa mtu anayetunga. Nikawaza, ananijengea mtego gani huyu? Lakini uongo ule ulikuwa unanisaidia mimi, si yeye, kwa hiyo nikanyamaza nikauacha ukae mezani. Sijivunii.

Dada akatoka kuzungumza na mtoto. Niliwaona dirishani wamekaa kwenye benchi, midomo inacheza, siwezi kusikia kitu. Mtoto alitikisa kichwa mara mbili. Akaonyesha kitu kwa mikono, kirefu, kama ndizi. Waliporudi, dada hakukaa mara moja.

"Baba, kumbe ulikuwa unakwenda shuleni?"

Akashtuka kama aliyekamatwa anaiba. "Saa nne, wakati wa mapumziko," akasema. "Napeleka ndizi za kuchoma tu, na maziwa. Nasimama nje ya uzio. Mwalimu wa zamu anajua. Sikuwahi kuingia darasani."

"Siku ngapi?"

"Siku za shule."

"Zote?"

"Sikuwa na kazi," akasema.

Kutoka Kikatiti kwa mama yake mpaka shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, na nauli, kama nilivyokuja kujua, hakuwa nayo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanishangaa. Alisema alidhani najua, alidhani mtoto ameniambia. Dada alitazama karatasi yake yenye mistari, akaweka kalamu. Akasema hizo si siku za kulala, hana mahali pa kuziandika.

Tulifanya hesabu upya. Mwaka mzima, Julai pamoja na Aprili, tukagawa kwa kumi na mbili. Kiasi kikashuka, lakini kikawa kiasi ambacho mtu anaweza kukileta kila mwezi. Miezi ya mvua mtoto akapewa wiki nzima nzima kwa baba, miezi ya wageni akawa zaidi kwangu. Dada aliponiuliza kama kipato changu ni kilekile, nikataja Januari. Niliitaja nusu. Yule bwana akatazama viatu vyake tena, akasaini, akamshika mtoto kichwani na kuondoka haraka kwa sababu kesho yake alikuwa na wageni, wa kwanza tangu mvua ziishe.

Sisi tukabaki. Nilimnunulia mtoto soda kwenye duka la kando ya barabara kuu, tukakaa kwenye kreti mbili tukisubiri jua lipungue. Mabasi ya Moshi yalikuwa yanapita. Nilijitahidi sauti yangu isiwe ile ya Jumapili jioni.

"Mbona hukuniambia kwamba baba alikuwa anakuja shuleni?"

"Ungeandika," akasema.

Alikunywa soda yake kidogo kidogo, miguu inaning'inia.

"Na niliposema yuko porini?"

"Nilikuwa nimetoka kumwona."

"Siku zote hizo?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia kwamba mama anasema uko porini?"

Akatikisa kichwa haraka, kama nimemtaja kwenye jambo baya. "Hapana. Nilimwambia umesema mvua ikipungua nitakwenda. Na kwamba unamsalimia."

Mtoto wa miaka tisa, na wiki saba zote alikuwa amesimama katikati yetu, asubuhi anambebea baba maneno mazuri ambayo mama hakuyasema, Ijumaa anaukubali uongo wa mama na kurudisha mfuko wa nguo ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemshuku. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujifunika kanga. Nikamshika goti. Nilitaka anihakikishie jambo moja tu, nikaliuliza vibaya, kwa sababu sijui kuuliza vingine.

"Na mimi je? Mimi umenidanganya nini?"

Aliweka chupa chini, akanigeukia, akanitazama usoni, macho, mdomo, macho tena, akitafuta jibu nitakalolipenda.

"Hakuna kitu, mama," akasema.

Sikumwamini, na aliona kwamba sijamwamini. Akanishika mkono ili tuvuke barabara.